Tahafifu ya Kondoo Thelathini na Mmoja

Wiki iliyopita dereva wangu mmoja alitundika sweta yake iliyolowa juu ya jiko la makaa, hapa ofisini kwangu Nakuru, na harufu ya sufu mbichi ikajaa chumba kizima. Nilikuwa katikati ya kupatana na mteja wa viazi, mtu mgumu, na mimi huwa sishindwi maneno na mteja. Nikasahau nilichokuwa nikisema. Ninyi wenzangu mliokulia kule juu kwenye baridi mnaijua harufu ile. Mtu wa mjini atasema inanuka, afungue dirisha. Kwangu mimi ni Molo, ni mwaka niliopata neno langu la kwanza kubwa la Kiswahili, na ni mwezi ambao nyumba yetu yote nusura itupwe barabarani.

Mimi si mtu wa vitabu. Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini ukisimama barabarani ukaona malori yanayoshusha viazi kutoka Molo na Mau Narok, yale yenye ubao wa kijani mbele, jua kwamba matano ni yangu, na jengo hili ninamoandikia nililisimamisha mwenyewe bila mjomba wala mbunge. Watoto wangu wamesoma mpaka chuo kikuu. Hata hivyo kuna neno nililo nalo ambalo wao hawana. Siku ya Krismasi niliwauliza mezani: tahafifu ni nini? Mkubwa akasema ni ugonjwa wa kuku. Wa pili akasema ni aina ya kitambaa. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, mama yao akanigonga mgongo.

Madereva wangu ndio wanaolijua, kwa sababu nimewafundisha. Mmoja alilaza lori mtaroni karibu na Mau Summit, viazi vikamwagika mpaka kwenye shamba la watu. Akaja kwangu na maneno mengi. "Boss, ilikuwa mvua. Boss, kulikuwa na ng'ombe." Nikamwuliza, "Hiyo ni udhuru ama ni tahafifu?" Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Udhuru ni wa mtu anayesema hana kosa. Msamaha unafuta mambo yote, na unatoka kwa aliyekosewa. Tahafifu ni ya mtu aliyekosa, na anajua amekosa, na haachi kusema amekosa, lakini siku yake ile ilikuwa na jambo linalopunguza uzito. Kwanza ukubali, ndipo uipate. Usipokubali, huna haki hata ya kulitamka. Dereva yule akasema, "Boss, nilikuwa nimelala usingizi. Na nilikuwa nimeendesha siku tatu bila kupumzika, wewe mwenyewe ulinituma." Bado ananifanyia kazi.

Sasa niwaambie nililipata wapi.

Baba yangu, Yohana, alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye shamba la mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mabuti, kwa sababu kiangazi na masika miguu yake ilikuwa ndani ya mabuti ya mpira. Kwetu ni magharibi, lakini mimi nilizaliwa pale pale shambani, kwenye nyumba ya udongo aliyopewa Baba kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Hilo kila mtu alilijua kama anavyojua jina lake. Na miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, malori yalikuwa yamekuja yakachukua majirani wetu wengi wakarudishwa kwao, nyumba zao zikabaki na milango wazi. Waliobaki walifanya kazi ya watu watatu watatu. Baba alikuwa na kondoo mia mbili peke yake, ambao zamani walikuwa na wachungaji wanne.

Kondoo akishanyolewa sufu huwa kama mtoto aliyetolewa majini. Ngozi inaonekana, ya waridi, na baridi ya Molo haimwonei huruma. Majuma mawili ya kwanza hatakiwi kupigwa na mvua hata kidogo. Unamtoa jua likiwaka, unamrudisha bandani jua likianza kufikiria kushuka. Makasi yalikuwa yamemaliza kazi siku tatu tu kabla ya siku ninayoisimulia, na banda lote bado lilinuka sufu na mafuta yake, mikono yetu ikawa laini kama ya makarani.

Asubuhi ya siku hiyo Mama alianza kuumwa. Sikuambiwa anaumwa nini. Mambo yale mtoto hakuambiwa, na hata wanaume wakubwa hawakuyataja mbele za watu. Kuliko mwanamume ataje mke wake kuumwa uchungu, afadhali avue suruali sokoni. Mimi nilidhani ni maharagwe. Baba akanijia malishoni akiwa amevaa koti.

"Isaka. Nakwenda kumwita Nyanya Rebeka, shamba la pili. Angalia kule." Akanyoosha fimbo upande wa msitu wa Mau. "Ukungu ukigusa miti ya juu, usingoje. Ingiza kondoo."

"Wote?"

"Unataka kumwachia nani?"

Akaenda. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona meneja. Haukupita muda akaja rafiki yangu Kiprono, mtoto wa mkamua ng'ombe, shati lake limejaa viazi kutoka shamba la Bwana. Tukachimba shimo, tukawasha moto wa kuni za mseserefu, tukavifukia ndani. Ninyi mnaojua kiazi cha Molo kilichoivia majivuni, ngozi imepasuka, ndani kimekuwa unga, hamtashangaa sana nikiwaambia yaliyofuata. Niliuona ukungu. Nasema ukweli leo kwa sababu hata wakati ule mwishowe niliusema. Ulishuka ukagusa miti ya juu, nikautazama vizuri kabisa.

"Viazi bado," Kiprono akasema.

"Vimebaki kidogo tu," nikasema mimi.

Hayo ndiyo maneno yaliyoua kondoo.

Mvua ya mawe ilikuja kwa upande, kama mtu anayetupa changarawe kwa sepetu. Kondoo wakipigwa hawakimbilii nyumbani. Wanakimbia na upepo mpaka wafike kwenye ua, na hapo wanapandana, wa chini wanakosa hewa na wa juu wanaganda. Niliwapiga, niliwavuta miguu, nilimlilia Mungu, na Kiprono alikuwa ameshafika kwao. Baba alipotokea, kofia hana, alianza kuwanyanyua mmoja mmoja na kuwapakata kama watoto. Waliokufa aliwapanga kando ya ua. Thelathini na mmoja. Kisha akanigeukia. Hakuninyanyulia mkono.

"Ukungu ulikuwa wapi ulipouona?"

"Sikuuona, Baba."

Akanitazama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kidevuni. "Basi nimekosa mimi," akasema. "Mtoto haachiwi kondoo."

Nyumbani tulimkuta dada yangu amezaliwa, amefungwa kwenye blanketi la Nyanya Rebeka, anapiga kelele kama mwenye shamba.

Kesho yake Bwana Mabuti alisimama mbele ya ile safu ya kondoo akiwa na mikono kiunoni. Alikuwa akisema Kiswahili cha wenzake.

"Yohana. Nani nachunga hii kondoo?"

"Ni mimi, bwana."

"Wewe nalala?"

"Nilikosa, bwana."

"Mimi napeleka wewe kwa Bwana Shauri. Yeye nafunga wewe miezi sita. Halafu mama na toto natoka nyumba yangu."

Mama alikuwa na mtoto wa siku moja kifuani. Kwetu magharibi tulikuwa hatuna kipande cha ardhi cha kurudia, Baba alikuwa ameondoka huko kwa sababu hiyo hiyo. Na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kosa halikuwa lake. Kwa siku tano sikula vizuri. Nilikuwa nikiona viazi ninageuza uso.

Afisa tuliyemwita Bwana Shauri alipofika, kesi ilisikilizwa ndani ya stoo ya sufu, meza moja, kiti kimoja, na sisi watu wa shamba tumesimama mlangoni. Alikuja na mkalimani wake, Karani Salim, mtu wa pwani, koti limemfikia viatuni, tarbushi nyekundu kichwani, na skafu mbili. Alikuwa akisugua mikono wakati wote. "Nchi gani hii," alikuwa akisema, "jua linawaka na baridi inauma." Kiswahili chake kilikuwa kama maji yanayomiminwa, sisi tulizoea Kiswahili cha kupasua kuni.

Asubuhi walisoma shitaka. Baba akaulizwa, akakubali. Afisa akaondoka kwenda kula chakula cha mchana kwa Bwana Mabuti, na Karani Salim alipokuwa akifunga karatasi zake akatuambia, "Akirudi atamwuliza mshitakiwa kama ana lolote la tahafifu. Mwambieni afikiri." Kisha akaenda kuota jua na kunywa chai.

Watu wa shamba walibaki wakitazamana. Hilo neno hakuna aliyewahi kulisikia.

"Ni barua," akasema baba yake Kiprono. "Barua yenye muhuri. Mtu akiwa nayo hafungwi."

"Wewe muhuri umewahi kuuona wapi, kwa ng'ombe?" mwingine akamjibu. "Tahafifu ni kitu unaleta. Kama kondoo mwingine badala ya yule."

"Atatoa wapi kondoo thelathini na mmoja?"

"Basi ndio maana anaambiwa afikiri."

Mimi sikuwa na subira ya kusikiliza wasiojua. Tabia hiyo nilikuwa nayo tangu utoto na ndiyo iliyonitajirisha: ukitaka kujua bei, nenda kwa mwenye gunia. Nikamfuata Karani Salim alipokaa kwenye gogo na kikombe chake.

"Shikamoo, Karani. Tahafifu ni nini?"

Alinitazama kutoka miguu mitupu mpaka kichwani. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mtoto wa Yohana."

Akasogeza skafu ili mdomo uonekane. "Sikiliza. Babako amebeba gunia. Gunia ni lake, amekubali ni lake, na atalibeba. Lakini kama siku ile kulikuwa na jambo, shida, ugonjwa, kitu kilichomshika, akilisema, Bwana Shauri anaweza kutia mkono ndani ya gunia akatoa jiwe. Labda moja. Labda matatu. Hiyo ndiyo tahafifu."

"Akitoa, linapungua?"

"Linapungua."

"Lazima aseme mwenyewe?"

"Yeye, au anayejua."

Sasa oneni akili ya mtoto. Mimi kupunguza nilikujua. Ukipunguza, na ukapunguza tena, mwisho hakuna kitu. Nikaona jambo limekwisha: ikisemwa tahafifu, gunia litabaki tupu, Baba atarudi nyumbani ale, na kondoo watakuwa kama hawakufa. Nikamkimbilia Baba, amekaa nje ya stoo, askari kando yake anachonga kijiti.

"Baba, waambie Mama alikuwa anaumwa. Karani amesema ukisema linapungua."

"Nyamaza."

"Lakini Baba—"

"Niseme Mama yako alikuwa akifanya nini, mbele ya wale wote? Na nikisema nilikwenda, wataniuliza kondoo niliwaachia nani." Akashusha sauti. "Nitajibu nini hapo, Isaka?"

Nikajua kwamba alijua. Tangu siku ile ya mvua alijua niliuona ukungu.

Afisa aliporudi uso ulikuwa umemjaa kwa shibe. Akasema Kizungu chake, na Karani Salim akakigeuza: "Yohana, Bwana anauliza, kabla hajatoa hukumu, je, una lolote la tahafifu?"

"Sina," Baba akasema.

Bwana Mabuti akaanza kuvaa kofia, kana kwamba biashara imeisha. Nami nikajipenyeza kati ya miguu ya watu mpaka mbele ya meza. Sauti ilitoka. Sauti haijawahi kunikataa mpaka leo.

"Bwana, tahafifu yake ni mimi."

Karani Salim hakutafsiri mara moja. Aliweka kalamu chini. Afisa akamwuliza jambo, akajibu polepole, kisha akaniambia, "Sema yote. Usiruke."

Nikasema. Mama anaumwa. Nyanya Rebeka. Ukungu ulipogusa miti. Viazi, na vilikuwa vya Bwana. Kwamba Baba aliniuliza nikamdanganya. Nyuma yangu nilisikia kofi, nikajua baba yake Kiprono amemkumbuka Kiprono. Wanaume walitazama chini niliposema habari ya Mama. Baba alisema jina langu mara moja tu, "Isaka, keti," na mimi sikuketi.

Afisa akamgeukia. Karani akauliza, "Kwa nini hukusema mkeo alikuwa akijifungua?"

"Hayo ni mambo ya nyumba, bwana," Baba akajibu. "Na kondoo walikuwa mikononi mwangu, si mwa mtoto. Nilikosa."

Karani Salim akatafsiri. Baba alisema maneno machache, lakini Kizungu cha Karani kilikwenda mbali, kikapanda kikashuka, na mkono wake mmoja ukawa unanielekezea mimi, kisha upande wa nyumba zetu. Mpaka leo sijui aliongeza nini. Sikuwahi kumwona tena nikamwuliza.

Ikawa hivi. Badala ya miezi sita, mmoja, Nakuru, gerezani. Bwana Mabuti akaombwa asiitoe familia mpaka mfungwa arudi. Alikunja uso mwekundu.

"Kazi yake nani nafanya?"

Akanitazama mimi, na nadhani alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kwenye shamba lake. "Wewe nafanya. Kondoo moja nakufa, mama yako natoka."

Nililia pale. Sikulia kwa kazi. Nilimfuata Karani Salim mpaka kwenye gari. "Uliniambia litapungua."

"Limepungua."

"Mmoja umebaki."

"Sikukwambia litaisha," akasema. Alikuwa amepanda tayari, amejikunyata. "Kuisha ni neno lingine, mwanangu, na hilo halimo ndani ya faili hizi."

Baba alipakiwa kwenye lori pamoja na askari. Nikasimama chini. Nilitaka aniambie nimefanya vizuri. Tuseme ukweli, nilikuwa naingoja sifa.

"Ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kisha ukamtaja Mama yako mbele ya watu."

Dereva akawasha injini.

"Kondoo watoke saa tatu, umande ukikauka," Baba akasema. "Si kabla." Akatazama upande mwingine, lori likaondoka.

Mwezi ule nilichunga mawingu kuliko kondoo wenyewe. Wingu dogo likitokea, hata lile jeupe lisilo na neno na mtu, niliwaingiza bandani. Watu walinicheka wakichuma maua ya pareto. "Isaka, ingiza upesi, kuna mzee anavuta sigara kule bondeni." "Isaka, jua limepiga chafya." Sikuwajali. Siku nyingine kondoo walikula saa mbili tu kutwa, wakabaki wakinililia bandani, nami nimekaa mlangoni nikiwahesabu tangu mwanzo. Mama alikuja mara moja, mtoto mgongoni, akawaangalia mbavu zao. Aliniletea uji na akaenda zake. Hakufa hata mmoja. Lakini walikonda mpaka ungeweza kutundika koti kwenye nyonga zao.

Baba alirudi kwa miguu kutoka stesheni, kichwa kimenyolewa, shati limekuwa kubwa. Hakupita nyumbani kwanza. Alikuja bandani, akafungua mlango, akaingia katikati yao, akawa anapitisha kiganja kwenye migongo. Nilisimama kando. Nilikuwa nimetayarisha mengi: nyasi zilikuwa mbaya, hakuna aliyenisaidia, Bwana alinitisha. Yote yalikuwa kweli.

"Wamekonda," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

"Niliwaingiza mapema. Kila siku. Hata siku ya jua. Ni mimi."

Akaendelea kuwapapasa mpaka akafika wa mwisho kwenye pembe, yule mzee mwenye sikio lililochanika. Mimi nikangoja adhabu, na niseme kweli, safari hiyo nilikuwa tayari kuibeba nzima.

"Kondoo mia moja na sitini na tisa," Baba akasema. Hakuwa akinitazama. Alisema polepole, sentensi moja moja, kana kwamba kuna mtu mezani anaandika. "Mchungaji mmoja. Ana miaka tisa. Na alikuwa na hofu."

Kisha akafunga banda, akanishika bega, tukaenda nyumbani amwone mtoto.